Orodha ya barua pepe uliyoikuza kupitia wauzaji wenzako: dalili za ugonjwa na pa kupapasa kwanza

Nauza viungo: masala ya chai, masala ya pilau, mdalasini na iliki za kusaga, kwa pakiti ndogondogo. Anayenunua viungo ndiye huyohuyo anayenunua sufuria, vikombe na unga wa maandazi. Kwa hiyo wateja wangu wengi wa barua pepe walinifikia kwa kupitia mlango wa mtu mwingine: muuza vyombo, muoka keki, dada mmoja anayefinyanga vikombe vya udongo. Njia hii haina gharama kubwa na kwetu si ngeni. Sokoni mtu akikosa kitu kwako, unamwelekeza kibanda cha jirani. Ila ikiharibika huharibika kimyakimya, na mara nyingi unayemlaumu siye mwenye kosa.

Nimepanga maelezo haya kwa malalamiko, jinsi ninavyoyasikia kwa wenzangu na jinsi nilivyoyalalamika mwenyewe. Kabla hujasoma lako, jiulize swali moja kuhusu mtu yeyote aliye kwenye orodha yako: siku alipoandika anwani yake, alijua kwamba ni mimi nitakayemwandikia? Zaidi ya nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yamejificha ndani ya jibu la swali hilo.

(Neno moja la kuelewana: popote nitakaposema linki, ni ile ya kubofya. Kiungo kwangu ni cha pilau.)

"Mwenzangu alinipa anwani zake zote, nikatuma, sasa akaunti yangu imefungwa"

Hili naliweka mwanzo kwa sababu lilinipata mimi. Rafiki wa biashara alinitumia jedwali la Excel lenye anwani za wateja wake wote. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa, nami nikashukuru, nikaliingiza kwenye huduma ninayotumia kutuma barua, nikatuma ofa. Kufikia jioni, barua nyingi zilikuwa zimerudi, watu kadhaa wamebonyeza kitufe cha spamu (barua isiyotakiwa), na asubuhi yake akaunti ikawa imesimamishwa. Wateja wangu halali nao wakakosa barua kwa wiki mbili.

Dalili zake hazifichiki. Barua zinazorudi ni nyingi kuliko kawaida yako, malalamiko yanatoka kwa watu usiowajua, na hutokea anayejibu "Nani kakupa namba yangu?" hata kama ulichonacho ni anwani wala si namba.

Chanzo kina matabaka matatu. La kwanza ni watu wenyewe: walimpa anwani muuza vyombo, hawakukupa wewe. La pili ni uzee wa jedwali. Anwani iliyokaa miaka mingi bila kuandikiwa huenda imeshakufa, na baadhi ya anwani zilizotelekezwa hufufuliwa na kampuni za barua pepe au za kupambana na spamu ili ziwe mitego: mwenyewe hayupo tena, kwa hiyo yeyote anayeiandikia anajulikana mara moja kwamba hakuipata kwa njia iliyo wazi. La tatu ni masharti. Mailchimp na huduma nyingine za kutuma barua kwa wengi zinakataza orodha zilizonunuliwa, zilizokodiwa au zilizotoka kwa mtu wa tatu, hata kama mlipeana bure.

Kisha kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, nayo hairuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Ukiwa na wateja Ulaya, huko GDPR, sheria yao ya ulinzi wa taarifa binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2018. Sizitaji ili kukutisha. Nazitaja kwa sababu mwenzako anayekupa jedwali huenda hajui kwamba na yeye anajiingiza matatani.

Tiba: futa wote walioingia kwa njia hiyo. Wote, hata wale waliofungua barua. Halafu mwombe mwenzako awaandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, akiweka linki inayokuja kwenye ukurasa wako. Atakayetaka atavuka kwa miguu yake. Kati ya watu elfu moja huenda wakavuka thelathini tu, na utaona kama umepata hasara. Lakini hao thelathini wamekuja wenyewe, na wale wengine hawakuwa wako tangu mwanzo.

"Ameandika barua kwa watu wake, hakuna hata mmoja aliyejiandikisha kwangu"

Hapa usikisie. Mwombe mwenzako namba mbili: barua ngapi zilifika, na watu wangapi walibofya linki. Ya tatu unayo wewe: wangapi walijiandikisha. Namba hizo tatu zinakuonyesha maji yanavujia wapi.

Kama zilizofika zenyewe ni chache, shida iko kwenye orodha yake. Usishangae. Wapo wauzaji wanaojivunia "watu elfu tano" ambao mara ya mwisho waliandikiwa siku duka linafunguliwa. Siku hizi, kabla ya kuzungumzia ushirikiano wowote, huwa nauliza: barua yako ya mwisho ilitoka lini? Mwenye watu mia nne anaowaandikia kila wiki mbili ananifaa kuliko huyo wa elfu tano.

Kama zilifika nyingi lakini waliobofya hawafiki kumi, kosa limo ndani ya barua. Mara nyingi huwa hivi: "Wapendwa wateja, tunapenda kuwajulisha kuwa tumeingia ushirika na duka la viungo. Bofya hapa kwa ofa kabambe." Hakuna mtu ndani ya barua hiyo. Mteja amezoea kusoma sauti ya dada anayefinyanga vikombe. Ghafla anaongeleshwa na tangazo la redio. Barua iliyoniletea watu wengi kuliko zote aliiandika yeye mwenyewe, mistari minne: alipika chai ya wageni kwa masala yangu, wageni wakamuuliza ameweka nini, naye akawapa linki ya ukurasa wangu wenye vipimo vya chai ya watu kumi. Hakutaja punguzo hata kidogo. Tangu siku hiyo siwaandikii wenzangu barua ya kunakili. Nawapelekea pakiti ya bidhaa na mambo mawili ya kweli kuihusu, waandike kwa mdomo wao.

Kama waliobofya ni wengi na waliojiandikisha ni wachache, acha kumsumbua mwenzako. Kosa ni lako. Chukua simu ya bei ya chini, zima Wi-Fi, washa bando, ufungue ukurasa wako kama mteja. Picha kubwa ya juu inachukua muda gani kufunguka? Kibodi ikitokea, kitufe cha kujiandikisha bado kinaonekana au kimefunikwa? Fomu inadai nini? Mimi nilikuwa nadai jina la kwanza, la pili, simu, mkoa na tarehe ya kuzaliwa, eti niwatumie salamu. Nilipobakiza jina na anwani ya barua pepe, watu wakaanza kuingia.

Kuna chanzo kingine kidogo kinachosahaulika: linki yenyewe. Wenzetu wengi hunakili linki kutoka WhatsApp, na herufi moja ya mwisho ikakatika njiani. Ibofye mwenyewe kutoka kwenye barua ya majaribio kabla mwenzako hajatuma kwa wote.

"Tuliweka vikaratasi ndani ya mizigo na daftari kaunta, lakini nusu ya anwani hazifanyi kazi"

Ushirikiano wa kwetu hauishii kwenye barua. Muuza vyombo aliniwekea kikaratasi ndani ya kila mzigo aliompa boda, nami nikafanya vivyo hivyo kwake. Muoka keki aliweka daftari kaunta. Kikaratasi chenye msimbo wa QR kilifanya kazi vizuri, daftari lilinitesa. Mwandiko wa haraka, "gmail.con", "gmial.com", na wengine wanaandika jina la Instagram kwa kudhani ndilo linalotakiwa.

Ukiwa na daftari, usiingize anwani moja kwa moja kwenye orodha. Iache huduma yako iwatumie barua ya uthibitisho kwanza, na anayebofya ndiye anayeingia. Utapoteza wachache wavivu, lakini utakuwa pia na ushahidi kwamba mtu mwenyewe alikubali, siku na saa. Bora zaidi, ondoa daftari na kalamu, uweke QR ileile kaunta, mteja aandike kwa simu yake wakati anasubiri keki ifungwe.

"Wamejiandikisha wengi, ila hawafungui"

Pima kwanza kama unachokiona ni cha kweli. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple ina kinga inayopakua picha za barua hata kama mwenye simu hajaifungua, kwa hiyo huduma yako, ambayo huitambua barua iliyofunguliwa kwa kuona picha zimepakuliwa, inahesabu kwamba imefunguliwa. Nina mshirika anayepeleka khanga kwa Watanzania walioko Uingereza na Oman, na watu walionifikia kutoka kwake wanaonekana wasomaji hodari mno. Wengi wao wana iPhone. Wa Android wa Mbagala wanaonekana wavivu kumbe namba zao ndizo za kweli. Tazama wanaobofya na wanaojibu. Waliofungua waangalie kwa jicho la pembeni.

Ikiwa kweli hawafungui, sababu ninazokutana nazo mara kwa mara ni hizi. Kwanza, hawakujui kwa jina. Mtu amejiandikisha akitokea kwa dada wa vikombe, halafu anapokea barua kutoka kwa jina la kampuni lililosajiliwa BRELA ambalo hajawahi kulisikia. Kwenye barua ya kwanza mimi huanza na mlango alioingilia: "Ulikuja kwangu kutokea kwa dada wa vikombe vya udongo." Inasomeka kama utangulizi wa mgeni aliyeletwa na mtu.

Pili, ulichelewa. Barua ya kwanza itoke papo hapo, yenyewe, bila kukusubiri. Ukikaa wiki tatu ndipo uandike, wameshasahau wewe ni nani, na anayesahau hubonyeza spamu bila chuki yoyote.

Tatu, na hii ni ya kwetu hasa: watu wengi walifungua Gmail kwa sababu simu ya Android ilidai, au fundi wa simu aliwafungulia. Anwani ipo, ni yao, lakini hawaingii humo. Hapa hakuna hila ya kichwa cha barua itakayokuokoa. Nilichofanya ni kubadilisha ukurasa wa kujiandikisha: juu ya fomu nimeandika "Andika anwani unayoisoma", na chini yake nimeweka linki ya WhatsApp kwa asiye mtu wa barua pepe. Orodha ilipungua kasi ya kukua, nami sikujuta.

Nne, shindano la zawadi. Mkiungana wauzaji watano mkatoa simu kama zawadi, mtajaza anwani za watu wanaopenda simu. Toeni kitu ambacho mpishi pekee ndiye atakayekitamani: sufuria moja nzuri, masala ya miezi mitatu, somo la kuoka keki. Na kila muuzaji awe na kisanduku chake cha kuweka tiki. Mtu akitaka keki asilazimishwe viungo. Mkifika kwenye kuchezesha bahati nasibu, ulizeni kwanza mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini mwenu inadai kibali gani.

"Barua zinaangukia spamu, hata za wateja wangu wa zamani"

Tafuta siku ilipoanza. Kama ilianza mara tu baada ya kuingiza kundi la mshirika fulani, rudi kwenye lalamiko la kwanza. Kama imekuwa hivyo siku zote, tatizo ni la kitambulisho.

Google na Yahoo waliibana milango yao Februari 2024. Kila mtumaji sasa anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, na anayefikisha kama barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC, na kwenye barua za matangazo aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina la kikoa chako, yaani jina linalokaa baada ya alama ya @. DKIM ni sahihi inayoonyesha barua haikuchezewa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita majaribio hayo. Hata kama unatuma barua mia tatu tu, ziweke zote tatu.

Kujipima ni rahisi. Jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuiona katika hali yake ghafi. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja PASS au FAIL. Kosa ninaloliona sana ni mtu kutumia huduma ya barua nyingi huku anwani ya mtumaji ikiwa ni ile yake ya @gmail.com. Huwezi kuitilia sahihi gmail.com, si nyumba yako. Nunua kikoa, muombe aliyekuuzia akusaidie kuweka rekodi za DNS (mipangilio ya kikoa inayobeba hizo SPF, DKIM na DMARC), uandike kutoka humo.

Halafu kuna malalamiko. Google wanataka kiwango cha wanaobonyeza spamu kisifike asilimia 0.3, na wanashauri kibaki chini ya 0.1. Tafsiri yake: kati ya barua elfu moja, watu watatu wakikasirika tayari umefika pabaya. Ndiyo maana kundi dogo la wageni walioletwa kienyeji linaweza kuwaharibia wateja wako wa miaka yote.

"Wanajiondoa kwa wingi"

Wakiondoka baada ya barua ya kwanza, waliahidiwa kitu wasichokikuta. Uliza mwenzako aliandika nini hasa. Niliwahi kukuta mmoja ameahidi "vitabu vya mapishi bure" ambavyo sina. Wakiondoka baada ya ya nne au ya tano, unaandika mno au unaandika matangazo matupu. Na kama hawajiondoi ila wanabonyeza spamu, angalia ukubwa wa barua yako: Gmail huikata barua inayozidi kilobaiti 102, na linki ya kujiondoa iliyokaa chini kabisa hukatwa nayo. Mtu hajaiona njia ya kutokea, kavunja dirisha.

"Orodha imenona, mauzo yamekonda"

Kabla ya kuamua kwamba ushirikiano haulipi, hakikisha unayaona mauzo yote. Wateja wetu wengi husoma barua, kisha huagiza kwa WhatsApp au kwa kupiga simu na kulipa kwa M-Pesa. Takwimu za tovuti hazitakuonyesha hilo hata siku moja. Mimi nimempa kila mshirika neno lake la punguzo: SUFURIA, KEKI, KIKOMBE. Anayeagiza, kwa njia yoyote, namuuliza ana neno gani, naandika daftarini. Kwa waliopitia tovuti, kila linki ina alama yake ya utm_source, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki kuonyesha mtu katokea kwa nani.

Baada ya miezi mitatu daftari lilinishangaza. Muoka keki aliniletea watu wengi kuliko wote na wakanunua kidogo kuliko wote: ni watu wa keki za harusi na siku za kuzaliwa, wananunua mara moja kwa mwaka, tena hawapiki. Dada wa vikombe aliniletea wachache, na hao wanarudi kila mwezi, maana mwenye vikombe vizuri ana wageni, na mwenye wageni anachemsha chai. Ujirani wa bidhaa haupimwi kwa kuwa zote ziko jikoni. Pima kama zinakwisha na kununuliwa tena kwa mwendo unaofanana.

Na kama washirika wako wawili wana wateja walewale, orodha itaacha kukua hata mkiandikiana kila wiki. Tafuta mshirika wa mtaa mwingine, au wa nchi nyingine.

"Mwenzangu ananuna"

Huu ndio ugonjwa unaoua ushirikiano mwingi, na hauonekani kwenye takwimu yoyote. Dalili: anachelewa kujibu, barua yake kuhusu wewe inasogezwa wiki hadi wiki, halafu unasikia kwa watu kwamba "alifaidika yeye tu".

Chanzo karibu kila mara ni hesabu ambayo hamkuifanya mwanzoni. Wewe una watu 300, yeye ana 3,000. Kila mmoja akiandika barua moja kuhusu mwenzake, yeye amekupa mara kumi ya ulichompa. Inafaa kuyasema hayo wazi mkiwa bado mnacheka: yeye akikuandikia mara moja, wewe umwandikie mara kadhaa, umwekee kikaratasi kwenye mizigo yako kwa miezi miwili, au umlipe kiasi mlichokubaliana kwa kila mteja anayenunua kwa neno lake. Msilipane kwa kila anwani. Utajaziwa anwani za shemeji na mabinamu.

Tuandikiane hata kwa ujumbe wa WhatsApp: nani anatuma, siku gani, mara ngapi, na namba zipi tutaonyeshana baada ya siku saba. Kwenye namba mimi hutangulia kutuma zangu hata zikiwa za aibu. Mwenzangu akiona kwamba watu wake kumi na moja tu ndio walionunua kwangu, hanuni tena kwa kudhani walikuwa mia mbili.

Mkiachana, kila mtu anabaki na waliojiandikisha kwake kwa hiari, basi. Funga neno la punguzo, ondoa QR kaunta, na pitia barua zinazojituma zenyewe. Mimi nilisahau. Zaidi ya mwaka tangu muuza vyombo ahamie biashara ya matairi, barua yangu ya kukaribisha wageni ilikuwa bado inawapa punguzo la asilimia kumi la sufuria kwake, na ni yeye aliyenipigia kuniuliza kwa nini kila Jumamosi anaulizwa sufuria.